Tulipozidisha Sauti

Mwaka tuliokwenda mjini Tabora kurekodi nyimbo zetu, kwaya ya kigango chetu hapa Ntalikwa ilikuwa na waimbaji thelathini na wanane. Tulikuwa tumejichanga kwa misimu miwili: huyu karanga, yule asali, mwingine vibarua vya tumbaku. Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyetuzidi wote kwa umri, alitoa debe zima la karanga. Tulimwita Mayu, kama Wanyamwezi wanavyomwita mama.

Studio ilikuwa chumba kidogo. Fundi mitambo alitusikiliza wimbo mmoja, akasema tuko wengi mno na baadhi ya sauti zinakwaruza. Akashauri waingie wanne tu, mmoja kwa kila sauti. Wangeimba wimbo uleule mara kadhaa, naye angezipandanisha sauti zao hadi zisikike kama za kwaya kubwa. Tukakubali. Gharama ingepungua, na kazi ingetoka safi. Thelathini na wanne tuliobaki tukakaa nje chini ya mwembe.

Rekodi ilitoka nzuri kweli. Tulipoipiga mara ya kwanza baada ya Misa, watu walishangilia. Mayu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa karibu na spika, kisha akauliza, "Mimi niko wapi humu?" Tulicheka. Tulidhani anatania.

Kwaresima iliyofuata, mwalimu kijana anayetupigia kinanda alituletea muziki wa namna nyingine. Joseph Haydn wa Austria aliandika muziki wa Maneno Saba ya Yesu msalabani kwa ajili ya ibada ya Ijumaa Kuu huko Cádiz, Hispania. Kuta za kanisa zilifunikwa kwa kitambaa cheusi, taa moja ikining'inia katikati. Askofu alipanda mimbarani, akatamka neno moja na kulieleza, kisha akashuka kupiga magoti mbele ya altare, na muziki ukajaza kimya kile. Ndivyo ilivyokuwa kwa maneno yote saba.

Haydn aliuandika kwanza kwa okestra nzima. Mwaka 1787 akautengeneza pia kwa wapigaji wanne tu: fidla mbili, viola na selo. Wapo wanaourekodi hivyo, watu wanne. Wapo pia wanaoichukua nakala hiyo ya wanne na kuwapa okestra ya nyuzi tupu, kila mstari ukashikwa na watu kadhaa. Mwalimu alikuwa na rekodi za namna zote mbili kwenye simu.

Tulizisikiliza Ijumaa moja jioni baada ya Njia ya Msalaba, zikifuatana. Katika neno la tano, lile la kiu, wapigaji hudonoa nyuzi kwa vidole. Kwa watu wanne, tulisikia matone yanayodondoka moja moja kwenye ndoo tupu. Kwa okestra, tulisikia manyunyu juu ya paa la nyasi. Tukagawanyika. Wengine walisema ya wanne ndiyo kiu yenyewe, maana mwenye kiu yuko peke yake. Wengine walisema ya wengi, maana kiu ile ilibeba kiu ya ulimwengu mzima.

Mwalimu akatupigia na kazi ya Mganda Justinian Tamusuza, nayo ya ala nne za nyuzi, ambayo jina lake la Kiganda linataja njia ya msalaba. Kundi la Kronos Quartet la Marekani lilitoa sehemu yake ya kwanza katika albamu ya mwaka 1992. Humo nyuzi zinapokezana kama wapigaji wa amadinda, kila mmoja akijaza nafasi aliyoachiwa na mwenzake.

"Mmoja akinyamaza hapa," mwalimu akasema, "wote mtasikia pengo."

Ndipo mmoja wetu alipogeuka kulitazama benchi la sauti ya pili.

"Mayu yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Tukahesabu kurudi nyuma: Jumapili tano. Jumapili tano tulikuwa tumeimba, tumepongezwa, na hatukusikia pengo lolote.

Kesho yake asubuhi walikwenda wanne kwa niaba yetu. "Mwangaluka, Mayu." Aliitikia akiwa amelala. Homa zilikuwa zikimrudia, na magoti hayakumwezesha tena kufika kigangoni kwa miguu. Hakutulaumu. Alisema tu, "Niliona kwaya imetosha."

Tuliomba msamaha ovyo ovyo, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Yeye akataka tuimbe. Tukaanza kwa mazoea yetu, kwa nguvu, na sauti yake haikusikika. Mwenzetu wa sauti ya pili akanyamaza, akamwachia nafasi. Waliobaki wakashusha sauti, wakashusha tena, mpaka tukamsikia: sauti imepasuka, inatetemeka, lakini iko mahali pake hasa.

Tangu siku ile tumejiuliza kosa letu lilikuwa nini. Wingi si kosa. Wale wa okestra ni watu kweli. Ukilemewa leo, jirani yako wa mstari uleule anakushikia mpaka upate nguvu, na wimbo haukatiki. Nani kati yetu hajawahi kusimama kwenye kwaya akiwa na msiba, mdomo ukigoma, wenzake wakamwimbia? Lakini wingi huohuo unaweza kuficha aliyeanguka. Njia ya misafara ya zamani, kutoka Ujiji kupita Tabora hadi Bagamoyo, iliyaona hayo: mtu akidhoofika aliachwa kando, na msafara, kwa kuwa ulikuwa mrefu, haukuonekana kupungua.

Sisi tulifanya jambo lililo baya zaidi ya kuwa wengi. Tulizidisha sauti, tukapunguza watu. Yule mchungaji wa kondoo mia angeweza kufanya kama sisi: kumhesabu mara mbili mmoja wa wale tisini na tisa, na hesabu ingetimia. Hakufanya hivyo. Alikwenda kumtafuta aliyepotea, kwa kuwa hakuna kondoo mwingine aliyeweza kuwa yule.

Sasa kabla ya mazoezi tunaitana majina. Jina lisiloitika hupata mtu wa kwenda kupiga hodi kabla ya Jumapili. Pasaka ile Mayu aliletwa kwa baiskeli, akaketi kwenye benchi lake. Sauti yake bado inakwaruza, nasi hatumwombi aisafishe.

Rekodi yetu bado ipo, na bado inapendeza kwa wageni. Lakini kila ikipigwa, sisi tuliokaa chini ya mwembe na wale wanne walioingia ndani tunasikia pengo lile. Tunamwomba Mungu asituache tulizoee.