Wangu

Kuta za kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Hallonbergen, kilichofunguliwa mwaka 1975, zimejaa michoro ya kitoto. Mwanamke mmoja, mzaliwa wa Tanga, ameipita michoro hiyo kwa miaka 11, asubuhi akienda kazini, jioni akirudi, na katika jengo analoishi hamjui mtu zaidi ya kuitikiana kwa kichwa. Mwishoni mwa Novemba, jua la Stockholm linapozama saa tisa alasiri, alijikuta katika ukumbi wa michezo wa shule, viatu vipya miguuni, akiutazama wavu kwa mashaka.

Mpira wa wavu aliujua kwa macho tu. Shuleni kwao wasichana walicheza netiboli, ambako mpira hudakwa na kukumbatiwa kabla ya kurushwa. Mchezo huu, uliobuniwa na William G. Morgan huko Holyoke, Marekani, mwaka 1895, hauruhusu kudaka. Mpira hupokewa kwa vigasha vilivyounganishwa, ukapandishwa, ukapigwa. Timu ina miguso mitatu tu, na aliyeugusa haugusi tena papo hapo. Wiki ya kwanza vigasha vyake viliwaka wekundu hadi usiku.

Maumivu hayo hayakuwa shida. Shida ilikuwa mpira uliokuja kati yake na jirani yake, mhandisi Mswidi mpole. Kila mmoja alimtazama mwenzake, kila mmoja akarudi nyuma nusu hatua, na mpira ukaanguka katikati yao kama mgeni aliyekosa wa kumpokea. Mwalimu alisimamisha mchezo: anayeutaka aseme “min!”, yaani ni wangu, tena kwa sauti.

Agizo dogo, lakini yeye alilelewa katika nyumba ambamo mtoto aliyesema “changu” mbele ya wageni alifinywa paja. Na katika Kiswidi kulikuwa na hofu nyingine: kuna *min* na kuna *mitt*, kutegemea nomino, na miaka yote hiyo alikuwa akinyamaza popote alipohofia kukosea. Alinyamaza mikutanoni kazini. Alinyamaza zamu yake ya kufua ilipochukuliwa na mtu mwingine.

Wiki ya tano mpira ulikuja juu, polepole, katikati yao tena. Kilichomtoka kilikuwa “Wangu!”, ngeli ikiwa sahihi bila kuitafuta. Mhandisi akampisha. Mpira ukamgonga kigasha, ukapaa, ukagonga dari na kuangukia nyuma ya mabenchi. Pointi ikapotea, watu wakapiga makofi.

Wiki iliyofuata mpira ulimjia yeye kabisa, wazi, hakuna wa kuugombea. Alikuwa ameshainama na mikono ameiandaa, mhandisi alipomrukia mbele akipiga kelele, mkazo ukiwa kwenye silabi isiyo yake: “Wangúúú!”