Gololi moja kwenye mfuko wa kaptura

Kwanza lilikuwa tone moja jekundu kwenye sakafu ya kibaraza, chini ya tairi la mbele kulia. Mtoto wetu wa mwisho akaja mbio jikoni: "Mama, gari linatoka damu!" Tukacheka. Baada ya wiki 3 tone lilikuwa kidimbwi, pampu inalia kila nikikata kona, na usukani umelegea kiasi kwamba ukiuzungusha kidogo matairi hayana habari. Kwenye sinema stelingi hafi. Ya gari hufa, tena polepole, tone kwa tone.

Gari lenyewe ni Land Cruiser mkonga ya mwaka 1994. Tunaishi Iringa, bibi yao yuko Morogoro, na kati yetu kuna mlima Kitonga. Anayeijua ile barabara, ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili na malori yanapanda kwa kujikongoja, ataelewa kwa nini mke wangu alisema hapandi tena mpaka stelingi itengenezwe.

Gereji niliyokwenda waliniambia ninunue boksi zima la mtumba. Nilipotajiwa bei nilirudi nyumbani. Nilijifunza ufundi kidogo ujanani, nikaona boksi lenyewe halijafa, limechoka sili tu. Nikaagiza seti ya sili kutoka Kariakoo, ikaja na basi. Msaidizi wangu akawa mwanangu wa miaka 12, kipindi cha likizo.

Kulitoa boksi ndiko kulikotumaliza nguvu. Chini yake kuna mkono wa chuma unaosukuma matairi, umekazwa na nati kubwa. Kabla ya kulegeza tulinyoosha matairi, tukapiga alama ya rangi kwenye mkono na kwenye shafti, ili virudi vilevile. Nati ilikubali baada ya kuunganisha bomba kwenye spana. Mkono wenyewe wengi huupiga nyundo, na kila pigo linaingia kwenye meno na beringi za ndani. Niliazima kivutio kwa jirani anayetengeneza malori.

Ndani kuna shafti kama skrubu nene, inapita katikati ya nati, na kati yao zinazunguka gololi za chuma. Ukigeuza usukani skrubu inazunguka, nati inapanda au kushuka, meno yake yanageuza shafti ya chini, na oili ya pampu inasaidia kusukuma. Fundi makini haruhusu ile skrubu itoke kwenye nati. Mimi niliinua vibaya, ikatoka. Gololi zikamwagika, nyingine kwenye sinia, nyingine chini ya mtungi wa maji.

Mtoto akazikusanya, akazisafisha kwa dizeli, akazihesabu mara 2, akaandika ukutani kwa chaki: 36. Alipotaka kunieleza nikamkatisha. "Nyamaza kwanza, unanichanganya." Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimeshika shafti ya chini natazama kutu palepale sili inapokaa, maana sili mpya juu ya kutu haifiki mbali. Kwa bahati kutu ilikuwa ya juujuu, ikatoka kwa msasa laini. Nikazungushia nailoni kwenye meno ya shafti yasije yakachana mdomo wa sili, nikaingiza. Gololi nikazirudisha kwenye vimirija vyake moja moja kwa grisi. Sikuhesabu.

Jioni boksi lilikuwa limefungwa. Nilijisifu mezani, nadhani kupita kiasi.

Saa 4 usiku mke wangu akakaa kitandani bila kuzima taa. "Baba watoto, usimgombeze." Akafungua kiganja. Gololi moja ya chuma. Mtoto aliikuta imenata kwenye tambara alipokuwa analikung'uta, akaitia kwenye mfuko wa kaptura. Ilikaa humo tangu alasiri, wakati mimi nafunga bolti za mwisho mbele yake. Alimwambia mama yake wakati wa kuoga, akaanza kulia: "Baba atasema nimeipoteza mimi."

Nilikwenda chumbani kwao. Alikuwa amefumba macho, lakini kope zinacheza. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Maneno niliyotaka kusema sikuyapata, nikamwambia tu kwamba kesho tunafungua tena na yeye ndiye atakayehesabu.

Sijui boksi lingefika wapi na gololi 35. Labda lingezunguka miezi. Labda lingekwama kwenye kona ya tatu ya Kitonga, na watoto 3 nyuma. Usiku ule nililiwaza hilo mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Asubuhi tukaanza upya. Alihesabu kwa sauti, na kila gololi niliitia baada ya kusikia namba yake. Ilipofika 36 alikung'uta tambara, akatazama sinia, akasema, "Sasa funga." Nikafunga. Skrubu ya juu, inayobana meno, tuliirekebisha boksi likiwa katikati kabisa, kidogo kidogo, maana ukikaza mno usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Tukainua mbele juu ya stendi, injini imezimwa, yeye akazungusha usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, mimi naongeza oili mpaka mapovu yakaisha.

Siku 2 tulizunguka uwanja wa shule tukichungulia chini. Sakafu ilibaki kavu. Jumamosi tukaondoka.

Kitonga tuliteremka kwa gia ya pili. Kona ya kwanza nilikata, kisha nikalegeza mikono, usukani ukajirudisha polepole.

"Umerudi," akasema mtoto kutoka nyuma.

"Nimeuona."

Mama yake alikuwa bado ameng'ang'ania kishikio cha mlango.