Kuchagua Kamera ya Kupigia Picha za Nchi

Katika nchi yetu ya Meru kamera si kitu kigeni tena. Kila kijana anayo ndani ya simu yake, naye hupiga picha mia kwa siku moja, hata ya ugali wake. Basi watu wakisikia kwamba mwalimu wa shule ya kijijini amejiwekea fedha miaka mitatu ili anunue kamera ya mbao yenye mvukuto kama wa mhunzi, hawakosi kuuliza, "Mwalimu ana nini? Fedha hizo si bei ya mtamba?" Swali hilo niliulizwa na wazee wa ukoo wangu, nao walikuwa na haki ya kuuliza. Majibu niliyowapa ndiyo nitakayoyaandika hapa, yapate kumfaa kila mtu apendaye kuhifadhi sura ya nchi yake.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Mali yetu ya kwanza ni nchi, lakini daftari la nchi hiyo sehemu kubwa limo vichwani mwa wazee tu. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 serikali ya Waingereza ilianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika nchi ya Engare Nanyuki, ili nchi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, akawasemea ndugu zake. Habari hizo zimeandikwa vitabuni. Lakini mtoto akiuliza boma la babu yake lilisimama wapi, na mti wa kivuli ulikuwa upande gani, huonyeshwa kwa kidole. Na kidole cha mzee hakikai milele.

Jirani yetu Kilimanjaro anatufundisha faida ya daftari la picha. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, waliupanda mlima ule, na Klute akaupima kwa picha. Kwa ramani iliyotokana na picha hizo wataalamu wamejua kwamba mwaka ule barafu ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 11, na kwamba kufika mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Kama Klute angalirudi na sifa za uzuri wa mlima tu, tungalijua kwamba barafu imepungua, walakini tusingalijua imepungua kadiri gani.

Sasa nieleze chombo chenyewe. Kamera kubwa ninayoisema ni sanduku la mbao au la chuma linalokunjwa. Mbele ina lenzi, nyuma ina kioo cha ukungu, na katikati mvukuto wa ngozi au kitambaa usiopitisha nuru. Mpigaji huiweka juu ya kiweko cha miguu mitatu, hujifunika nguo nyeusi, hutazama kiooni, na huko huuona mlima umesimama kichwa chini, na kulia kwake kumekuwa kushoto. Akiisha kuridhika hufunga lenzi, hutia nyuma kikasha chembamba chenye vipande viwili vya filamu, kimoja kila upande, huvuta kifuniko chake, ndipo hufungua lenzi kwa muda aliouhesabu. Kila kipande ni picha moja. Kazi hiyo yataka dakika kumi au zaidi, wala haina njia ya mkato.

Vipimo vinavyotumika zaidi ni inchi 4 kwa 5 na inchi 8 kwa 10. Kipande cha 4 kwa 5 kina eneo la karibu mara 15 ya picha moja ya filamu ndogo ya milimita 35, na kile cha 8 kwa 10 ni mara 4 ya hicho. Ukubwa huo ndio faida yake. Katika negativu kubwa mtu aweza kutafuta kwa kioo cha kukuzia paa la nyumba moja ng'ambo ya bonde, au mpaka wa msitu na shamba, akahesabu miti. Sisemi kwamba simu haifai. Ni msaidizi mwema wa kila siku. Lakini mara nyingi picha zake hupotea siku simu inapopotea. Negativu ikitunzwa mahali pakavu yasomwa dirishani kwa macho matupu, bila umeme, hata na mtu ambaye leo hajazaliwa.

Msomaji atasema, "Kama ukubwa ndio faida, basi nunua iliyo kubwa kuliko zote." Hapa ndipo penye shauri lenyewe, na kabla ya kulikata yafaa tuwatazame waliotutangulia. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Unguja, katika siku zile ambazo sahani za kioo zilipakwa dawa na kusafishwa papo hapo zikiwa mbichi. Alipoingia bara pamoja na Speke, joto la ndani ya hema dogo la kazi hiyo lilimshinda. Akaiacha kamera, akashika kalamu ya kuchorea. Sahani kavu, alizozivumbua Mwingereza Richard Leach Maddox mwaka 1871, ziliondoa taabu ile. Hata Hans Meyer wa Leipzig, ambaye mwaka 1889 alifika kilele cha Kibo, alikuwa amekwisha kutoa mwaka 1888 kitabu chenye picha 40 za safari yake ya kwanza.

Lakini wasafiri wale walikuwa na wapagazi. Masanduku yao yalipanda milimani kwa mabega ya watu ambao aghalabu majina yao hayakuandikwa chini ya picha. Mwenye kubebewa hana haja ya kuuliza uzito. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi sina mpagazi. Nina bega langu, na njia ya kupanda kati ya migomba na kahawa mpaka penye ukingo wa msitu, na Jumatatu asubuhi nina watoto darasani. Kwa hiyo nilianza kuhesabu kilo kabla sijahesabu shilingi.

Kamera ya mbao ya inchi 4 kwa 5 aghalabu huwa na kilo 1 hadi 2. Ya chuma, kama zile za Linhof wa Munich au Toyo wa Japani, hufika 2 hadi 3. Ya inchi 8 kwa 10 huwa na kilo 4 au 5, pengine zaidi, nayo yataka lenzi kubwa, vikasha vikubwa, na kiweko kizito kisichotikiswa na upepo. Tena kila picha yake hula filamu mara nne, na filamu hiyo sharti iagizwe ng'ambo. Mtu mwenye gari na msaidizi aweza kuichagua kwa haki. Kwangu mimi ingalikuwa kamera ya kupigia picha ua wa shule tu. Basi nilichagua 4 kwa 5.

Shauri la pili lilikuwa mbao au chuma. Chuma ni imara, hakivimbi kwa unyevu, na maungio yake hayalegei upesi. Mbao ni nyepesi, na fundi seremala wa kwetu aweza kuitengeneza. Zamani Waingereza walitengeneza kamera za Sanderson za namna ya nchi za joto, kwa mti wa msaji na pembe za shaba, maana walijua kwamba mbao isiyokauka vema hupinda. Siku hizi ziko kamera nyepesi za mbao, kama zile za Intrepid wa Uingereza, kampuni iliyoanza mwaka 2014. Nilichagua mbao kwa ajili ya bega langu. Anayekaa upande mkavu wa kaskazini, kwenye vumbi la Ngare Nanyuki na Oldonyo Sambu, asisahau mfuko wa kuifunika. Anayekaa upande wetu wa kusini, wenye mvua na ukungu, aogope kuvu: lenzi ikifungiwa sandukuni miezi ya masika, kuvu humea juu ya kioo chake. Itolewe, ipate hewa na mwanga, ifutwe, irudishwe pakavu.

Anayenunua kamera iliyotumika aingie nayo chumba cha giza, atie taa ndogo ndani ya mvukuto, aunyoshe mpaka mwisho. Akiona nyota hata moja, hilo ni tundu, nalo litaharibu kila picha. Tena aulize mvukuto wafika urefu gani. Lenzi ya milimita 150 ndiyo ya kawaida kwa kipimo hiki. Ya 90 huchukua nchi pana, na ya 300 huuvuta mlima karibu. Mvukuto usiofika milimita 300 hauwezi kuitumikia lenzi ya kawaida ya 300, hata iwe nzuri namna gani.

La mwisho, aangalie kama sehemu ya mbele yaweza kupanda na kuinama, kwa kuwa hapo ndipo kamera hii inapoushinda mlima. Meru una mita 4,562, na mtu akisimama miguuni pake hana budi kuinua kamera. Ndipo miti na nyumba huonekana kama zinaanguka nyuma. Lakini kamera ikikaa wima, na lenzi peke yake ikapandishwa, kilele huingia na miti hubaki imesimama. Tena lenzi ikiinamishwa kidogo mbele, majani ya kahawa yaliyo karibu na genge lililo mbali huonekana yote kwa ukali. Kanuni hiyo yaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, afisa wa jeshi la Austria, aliyeieleza katika hati yake ya mwaka 1904.

Kamera ikiisha kupatikana, kazi iliyobaki ni kujua nuru. Mlima wetu mara nyingi huwa wazi alfajiri, kisha mawingu huufunika kabla ya adhuhuri. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini, na uso wa Meru unaoutazama mji wa Arusha hupata nuru haba. Desemba jua liko kusini, na uso ule hupata nuru. Upande wa Momella, ambako kuta za shimo la volkeno zimefunguka kuelekea mashariki, nuru yake ni ya asubuhi. Huko mlimani ni ndani ya hifadhi, na kupanda sharti mtu aende na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Basi vikasha vitayarishwe nyumbani.

Nami huchukua vikasha vitatu tu, yaani picha sita. Uchache huo si umaskini mtupu. Mwaka 1927 Ansel Adams wa Marekani alipanda kupiga picha ya jabali liitwalo Half Dome akiwa na sahani 12. Alipofika penyewe alikuwa amebakiwa na mbili, na ile ya mwisho, aliyoipiga kwa kichujio chekundu, ndiyo iliyompa sifa. Mwenye sahani chache hutazama sana kabla ya kufungua lenzi.

Wazee wangu walisikiliza hayo yote, kisha mmoja akauliza, "Na sisi tutapata nini?" Nikawajibu kwa agano. Kila mwaka, katika juma lile lile la Desemba, nitasimama penye jiwe moja tulilolichagua pamoja, kwa lenzi ile ile na kimo kile kile, nikipiga picha ya bonde letu, msitu wake na mlima juu yake. Nyuma ya kila picha itaandikwa tarehe, mahali, na majina ya vilima na mito kama wao wanavyoyataja. Nakala moja itakaa shuleni, na moja katika ofisi ya kijiji. Walikubali, na yule aliyetaja mtamba ndiye aliyekwenda kuliweka jiwe la alama.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kuchagua kamera ya namna hii, usianze dukani. Anza mahali utakaposimama, upime njia ya kufika hapo, upime bega lako, upime na fedha ya filamu ya miaka kumi. Kamera inayofaa ni ile kubwa kuliko zote utakayoweza kurudi nayo mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka. Picha moja ni pambo la ukutani. Picha kumi za mahali pamoja ni daftari.