Malukhu: Kutoka Kudai Mpaka hadi Kudai Mto

Mambo ambayo wananchi wa mashariki mwa Uganda huyadai kwa viongozi wao yamebadilika sana tangu miaka ya 1950, na Malukhu, kata iliyo upande wa viwanda wa mji wa Mbale, chini ya mlima Wanale, ni mahali panapofaa kuyafuatilia mabadiliko hayo, kwa kuwa wakazi wake wameionja kila awamu: kibarua cha kiwandani, kufungwa kwa viwanda, kukatwakatwa kwa wilaya, na hatimaye hadhi ya jiji.

Wenye umri wa kukumbuka siku za kabla ya uhuru huanza na kahawa na umeme. Mwaka 1954 kiliandikishwa chama kikuu cha ushirika cha Bugisu, yaani muungano wa vyama vidogo vya msingi ambavyo wakulima wa kahawa ya arabika walikuwa wameviunda huko milimani. Na mwaka huohuo, kule Jinja, Malkia Elizabeth II alizindua bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Bwawa lilikuwa ndoto ya watawala, hasa Gavana John Hall, aliyeamini kwamba umeme wa Nile ungeita viwanda, na hakuna mkulima wa Busoga, kanda ya Jinja, aliyeulizwa maoni yake kwa kura. Ushirika, kinyume chake, ulisukumwa na wakulima wenyewe, waliochoka kupangiwa bei na watu wengine. Pamoja na tofauti hiyo, vyote viwili vilitazama mbali kuliko kijiji kimoja. Kiwanda cha nguo cha Nytil cha Jinja kilifuma pamba ya nchi. Shaba ya Kilembe, magharibi kabisa mwa nchi, ilisafirishwa kwa reli kuja kuyeyushwa hapohapo Jinja. Na kahawa ya mlimani ilishuka Mbale, ikakobolewa, kisha ikapakiwa kwenye mabehewa kuelekea Tororo, Kenya na bandari ya Mombasa. Kijana wa Malukhu aliyetafuta kazi alijua reli inatoka wapi na inakwenda wapi, na elimu hiyo peke yake ilimpa picha ya kanda nzima ambayo hakuna mwanasiasa aliyehitaji kumhubiria.

Hata hivyo si haki kuipamba enzi hiyo kupita kiasi. Wilaya za Bugisu na Bukedi ziligombania mji wa Mbale kwa ukali, kila upande ukidai kwamba ni wake, hata katiba ya uhuru ya mwaka 1962 ikalazimika kuutaja mji huo peke yake kama Eneo la Mbale, lisilohesabiwa Bugisu wala Bukedi. Uganda, kwa maneno mengine, ilizaliwa ikiwa na falme zake, wilaya zake, na mji mmoja ambao wenyeji walikuwa hawajaafikiana ni wa nani. Hamu ya kuwa na mpaka wetu na ofisi yetu ilikuwapo tangu mwanzo, ila wakati huo reli na ushirika viliizidi nguvu.

Kilichofuata kinajulikana. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka na viwanda vikabadili mikono, mashine zikakosa vipuri, na Jinja, iliyokuwa ikijivunia mabomba ya moshi ya viwanda vyake, ikaanza kushika kutu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na ushirika wa Bugisu ukapoteza sehemu kubwa ya sauti yake. Treni za kwenda kaskazini kupitia Mbale nazo zilinyamaza kwa miaka mingi.

Katika ombwe hilo ndipo dai la wilaya liliposhika kasi. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo ni zaidi ya 130. Wilaya ya Mbale ilimegwa ikazaa Sironko mwaka 2000 na Manafwa mwaka 2005. Manafwa nayo ikazaa Bududa mwaka 2006 na Namisindwa mwaka 2017, na Sironko ikazaa Bulambuli mwaka 2010. Hoja iliyotolewa kila mara ilikuwa kusogeza huduma karibu na wananchi, na haikuwa hoja ya uongo, kwa sababu mama anayeshuka kutoka miteremko ya Bududa kufuata saini ya ofisa mjini Mbale hupoteza siku nzima. Lakini wilaya mpya huanza na kibao cha rangi kando ya barabara, nyumba ya kupanga inayogeuzwa makao makuu, gari la mwenyekiti na orodha ya nafasi za kazi, ambazo wenyeji huzigombania kwa muda kabla ya kutambua kwamba ofisi imekuja bila uchumi wa kuilisha. Mageuzi ya katiba ya mwaka 2005 yaliruhusu serikali za kanda, yaani wilaya kadhaa kuungana chini ya baraza moja, na Busoga ilitajwa humo kwa jina, lakini utekelezaji haukufika.

Wakati wa kampeni wagombea walizoea kugawa sabuni, chumvi na sukari, na wachambuzi wa mijini wamewacheka sana wanaozipokea. Kicheko hicho hakina uzito. Mtu aliyeona ahadi kubwa zikiyeyuka moja baada ya nyingine anapochukua kipande cha sabuni amepiga hesabu yake vizuri: sabuni ipo mkononi, na reli haipo.

Jambo lililoitikisa hesabu hiyo ni maji. Mbale ilikwisha kupata mradi wa eneo la viwanda uliozinduliwa mwaka 2018 kwa mtaji wa Kichina, na tarehe 1 Julai 2020 ikawa jiji pamoja na Jinja. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaua zaidi ya watu 20. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani, kwenye miteremko iliyolimwa hadi kileleni, na maji yakaushukia mji uliojengwa hadi kingo za mito. Tangu hapo maswali ya wakazi yamebadilika: badala ya kumuuliza mgombea ataleta nini, huuliza atazungumza na nani.

Swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu Namatala huanzia mlimani, hupita Mbale, kisha huingia kwenye kinamasi chenye mashamba ya mpunga kinachozigusa wilaya za Budaka na Butaleja, ambako mtu wa chini hulalamika kwamba wa juu amemletea mchanga na taka, naye wa juu humjibu kwamba ameziba njia ya maji kwa matuta yake. Wizara ya Maji ina ofisi mjini Mbale inayosimamia maji ya ukanda mzima wa Ziwa Kyoga, na wataalamu wake huutazama mto kuanzia chanzo chake hadi ziwani, lakini hakuna aliyewapigia kura wala anayeweza kuwaondoa. Waliopigiwa kura, kuanzia mwenyekiti wa baraza la mtaa, maarufu kwa herufi LC, hadi meya na mbunge, kila mmoja ana kipande chake cha mto, na kipande hicho huishia kwenye mpaka ambao baba zao waliupigania.