Kabla Hujafuta Posti Zako

Ukituma CV siku hizi, ujue umetuma na akaunti zako zote. Kabla upigiwe simu ya intavyuu, kuna mtu huko ofisini ashaandika jina lako kwa Google, akapitia LinkedIn, akateremka X, akamalizia TikTok. Cheti cha tabia njema unakilipia, na ukikipata unakisoma. Hii ripoti nyingine unaandikiwa bure, na hutawahi kuiona.

Mimi ni mtu wa video, kwa hivyo swali hili linajaa kwa inboksi yangu: "Nifute kila kitu?" Tangu Juni 2024, vile tulijaa mtandaoni kupinga Mswada wa Fedha, swali limekuwa zito. Kuna beshte yangu aliulizwa kwa intavyuu, "Kumbe ni wewe ulikuwa unatupigia kelele mtandaoni?" Watu wakacheka. Kazi hakupata, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Labda ilikuwa posti, labda haikuwa. Hiyo "labda" ndiyo inauma.

Kwangu mimi, posti hazifanani. Matusi, ukabila, picha za kumwaibisha msichana wa watu: futa hata kama hutafuti kazi. Mwajiri anayetafuta mtu wa kuhudumia wateja ana haki ya kujiuliza kama utawatusi. Lakini maoni yako kuhusu ushuru si uchafu. Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kujieleza, na hakijasema uhuru huo unaisha ukianza kusaka kazi.

Na nyinyi mabosi, kama mmeona kitu, kiwekeni mezani. Majina yetu yanafanana. Pengine yule mlevi kwa video si mimi. Pengine ile skrinshoti imetengenezwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inanipa haki ya kujulishwa habari zangu zinatumiwa kufanya nini, na haki ya kutaka zile za uongo zirekebishwe. Nitarekebisha aje kitu sijaonyeshwa?

Kwa hivyo usifute kwa woga. Pitia posti zako moja moja, na kwa kila moja jiulize: nikiulizwa hii mbele ya paneli, naweza kuitetea bila kuinamisha kichwa? Kama ndiyo, iache hapo. Kazi utakayoipata kwa kujificha, itabidi uendelee kujificha ndio uiweke.