Katlesi ya Kimandolu

Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, ambako katlesi ni viazi vilivyopondwa vikatiwa nyama ya kusaga, vikachovywa katika yai na kukaangwa. Akaolewa Kimandolu, chini ya Mlima Meru, na mpishi aliyeijua katlesi nyingine: pande la nyama ya ndama lililopondwa mpaka likawa jembamba, likavikwa unga, kisha yai, kisha chenga za mkate mkavu. Mumewe alijifunza upishi huo katika nyumba ya Mzungu mmoja huko Usa River. Watu wa Wien huita Wiener Schnitzel, na Austria hairuhusu jina hilo litumike peke yake ila kwa nyama ya ndama.

Kwa miaka thelathini mzee aliipika kila Iddi, akiwaambia wanawe kuwa ni ya ndama. Iddi ya kwanza baada ya eda, watoto wakaomba katlesi ya baba. Mjane akashika kikapu, akaenda buchani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka nyama ya ndama."

Muuza nyama alistaajabu. "Ndama, mama? Huku ndama ni maziwa ya kesho, nani atamchinja? Marehemu alikuwa akichukua steki laini, akiniomba niikate kwa kukingama nyuzi zake."

Alirudi nyumbani kwa hatua nzito. Je, alidanganywa miaka yote hiyo? Au mumewe aliona haya kuwaambia kwamba meza ya tajiri haikuweza kuhamia kwake, ikahamia mikono yake tu?

Akaiponda steki kwa mchi, kutoka katikati kwenda pembeni, kama alivyomwona akifanya. Chenga hakuzikandamiza. Akateleka samli nyingi, ikapata moto, akawa anakitikisa kikaango polepole ili samli ipande juu ya nyama. Mvuke ukalisukuma ganda, likatuna na kuachana na nyama, mfano wa kanzu pana katika mwili wa mzee aliyekonda. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na hasira ikamwondoka.

Walipokaa kula, kitindamimba akauliza, "Mama, ni ya ndama?"

Akakamua ndimu juu ya sahani yake. "Ni ya baba yenu," akasema. "Kuleni ingali moto."