Nani Anamlipa Dereva?

Ilikuwa Juni 2022, na mimi na kijana wangu wa miaka kumi na minne tulikuwa tumesimama kando ya njia ya Safari Rally pale Elmenteita. Nguo zetu zilikuwa zimegeuka rangi kwa vumbi. Kalle Rovanperä akapita. Nasema akapita, lakini ukweli ni kwamba tulisikia mlio, tukaona wingu, halafu helikopta juu ya vichwa vyetu, basi. Kijana akajifuta macho kwa pindo la fulana, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Baba, huyo analipwa ngapi?"

Sikumjibu. Nilimwambia atazame mbele, gari lingine linakuja. Toyota walishika nafasi nne za kwanza mwaka ule, kwa hiyo magari ya kutazama hayakukosekana.

Swali lenyewe halikuwa geni kwangu. Limekuwepo nyumbani kwetu tangu nikiwa mdogo, ila kwetu liliulizwa kwa namna nyingine. Kwetu watu waliuliza: huyu atatulipa lini?

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa dereva wa mbio za magari. Alikuwa na gereji Nakuru. Siku za kazi alilala chini ya matatu na pikapu za watu, na wikendi za mashindano alikuwa mtu mwingine kabisa: kofia ya helmeti, suti ya kuzuia moto aliyoinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anastaafu, na gari lililojaa stika kama kabati la shule. Stika ya duka la mabati. Stika ya muuza tairi. Stika ya hoteli ya nyama choma. Sisi watoto tulihesabu stika zile na kusema, aisee, huyu ni tajiri. Kila stika tulidhani ni mshahara.

Mwaka 1998 nilikaa nyumbani muhula mzima. Nilikuwa kidato cha pili. Niliambiwa karo haijapatikana. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba karo ilikuwa imepatikana, tena mapema, lakini iliazimwa. Mjomba alikuwa na mashindano mbele yake, ada ya kushiriki haijalipwa, na shokamzoba mbili zimekufa. Alimwambia mama, "Dada, wiki mbili tu." Mama alimpa. Wiki mbili zile hazijaisha hadi leo.

Kwa hiyo kijana wangu aliponiuliza, nilianza kulitafuta jibu mbali na nyumbani. Nilianzia kwa wakubwa.

Kwa wakubwa jibu ni tamu. Jarida la Forbes lilikadiria kwamba mwaka 2024 Max Verstappen, bingwa wa Formula 1, alipata dola milioni 75 za kuendesha gari tu: milioni 60 mshahara na milioni 15 marupurupu ya ushindi. Lewis Hamilton alikadiriwa kupata dola milioni 57. Tena kuna jambo lililonishangaza zaidi ya tarakimu zenyewe. Mwaka 2021 mchezo huo ulipoanza kuweka kikomo cha matumizi ya timu, dola milioni 145 kwa mwaka, mshahara wa dereva uliachwa nje ya hesabu. Timu inabanwa kwa kila boliti, lakini dereva inaweza kumlipa itakavyo. Wenye mchezo wanajua uso wa dereva ndio unaouza saa, vinywaji na magari. Anayenunua vitu hivyo ndiye anayemlipa, ajue asijue.

Lakini nilipouliza watu hao walifikaje hapo, hadithi ikaanza kufanana na ya kwetu.

Chukua Niki Lauda. Alizaliwa Vienna katika ukoo wa matajiri, na ukoo huo haukutaka kusikia habari za mbio. Ili apate nafasi kwenye timu ya March alikopa benki, na dhamana aliyoweka ilikuwa bima ya maisha yake mwenyewe. Soma tena hapo. Kijana anaiambia benki: nikishinda nitakulipa, nikifa pia utalipwa. Baadaye alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, na kwa sababu hiyo tunaisimulia kama hadithi ya ushujaa. Angeshindwa, ingekuwa hadithi ya deni tu, na nisingekuwa ninaijua.

Au Hamilton huyo huyo. Kabla McLaren na Mercedes hawajamchukua mwaka 1998 akiwa na miaka 13, aliyekuwa akilipa ni baba yake, Anthony, aliyefanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili gari dogo la mtoto liendelee kwenda. Mwaka 1998! Niliposoma tarehe hiyo niliweka simu chini. Mwaka huo huo ambao mtoto mmoja Uingereza alipata wa kumlipia, mtoto mwingine Nakuru alikuwa anachunga mbuzi wa jirani akisubiri muhula upite.

Na wako wanaolipiwa na nchi nzima. Pastor Maldonado wa Venezuela alikuja na fedha za PDVSA, kampuni ya mafuta ya serikali ya nchi yake. Watu walimcheka kwamba amenunua kiti. Basi mwaka 2012 akashinda mbio za Hispania akiwa na Williams, na wacheshi wakanyamaza kwa siku mbili tatu. Lakini mwanzoni mwa 2016 fedha za mafuta zilipokwama, kiti kikaenda kwa mwingine. Dereva hakusahau kuendesha kati ya Desemba na Februari. Mlipaji ndiye aliyekauka.

Huku kwetu nako, ukiichunguza Safari utaona mambo ni hayo hayo. Mbio hizi zilianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, aliendesha Volvo iliyokwisha kutumika. Viwanda vya nje vilipoona kwamba gari likistahimili njia zetu linauzika, vilikuja na madereva wa kulipwa. Peugeot 404 ilishinda mara nne katika miaka ya 1960, 504 ikashinda 1975 na 1978. Waliokuwa wakipanda teksi za Peugeot kati ya Nairobi na Nakuru, wamebanana nyuma na mifuko yao ya kabichi, walikuwa kwa njia fulani wanalipia mbio zile. Shekhar Mehta, Mkenya aliyezaliwa Uganda, alishinda mara tano, zote kwa magari ya Datsun. Huyo alikuwa na kiwanda nyuma yake.

Halafu ikaja Subaru. Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari ya 1994, na tangu hapo kila kijana akataka Subaru ya buluu yenye maandishi ya manjano. Leo bado unaziona barabarani, zinanguruma usiku. Wengi wanaozipaka rangi ile hawajui kwamba ilikuwa rangi ya sigara, State Express 555. Anayevuta alikuwa anamlipa dereva. Marlboro nao waliwahi kuibandika Safari yenyewe jina lao. Sina haki ya kumhukumu yeyote hapo. Najua kilicholipia gari la mjomba.

Nilimpeleka kijana kwa mjomba Jumapili moja. Sasa ana zaidi ya miaka sitini, gereji imebaki na fundi mmoja, na goti lake la kulia halikunji vizuri. Aliacha mbio muda mfupi baada ya 2002, Safari ilipoondolewa kwenye ubingwa wa dunia na wenye maduka wakaacha kupokea simu zake.

"Babu, ulikuwa unalipwa ngapi?" kijana akauliza kabla hata chai haijamiminwa.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaingia ndani, akarudi na daftari la jalada gumu, lile jeusi lenye mgongo mwekundu, limenuka mafuta ya gari. Sikujua kwamba lipo.

"Hili ndilo jibu," akasema. "Kushoto zilizoingia, kulia zilizotoka. Jisomee."

Tulisoma wote wawili. Upande wa kulia ulijaa hadi pembeni: ada ya kushiriki, mafuta, tairi, gearbox ya mtumba, kulaza mafundi watatu Eldoret, kioo cha mbele, kioo cha mbele tena. Upande wa kushoto ndio ulionifundisha. Duka la mabati halikuwahi kumpa hata shilingi. Lilimpa mabati, naye akayauza. Muuza tairi alimpa tairi mbili kwa msimu, za mbele. Mwenye hoteli alilisha mafundi. Zawadi ya ushindi wa daraja lake, mwaka aliposhinda, ilikuwa kikombe na bahasha, na bahasha haikufika bei ya kioo cha mbele. Kisha yakafuata majina ya watu. Ploti aliyopewa na nyanya, imeuzwa. Harambee ya wenzake wa gereji. Msoma ramani wake, mwalimu wa shule ya msingi, alichangia kila mwezi ili akae kiti cha kushoto. Yaani hata aliyekuwa akimwambia "kona kali kulia" alilipia nafasi ya kusema hivyo.

Na katikati ya ukurasa wa 1998, kwa mwandiko wake uliolala: *Dada – karo.* Kiasi kimeandikwa. Mistari mingine mingi imekatwa kwa kalamu nyekundu, ishara ya kulipwa. Huo haujakatwa.

Sikusema neno. Mjomba alikuwa ananitazama.

"Hiyo nakumbuka," akasema.

"Ulimaliza nafasi ya ngapi?"

"Sikumaliza. Daraja la tatu, redieta."

Miaka yote nimekuwa nikidhani hasira yangu itakuwa kubwa zaidi siku nitakapoujua ukweli wote. Haikuwa hivyo. Nilichoona kwenye daftari lile ni jina la mama yangu likiwa kwenye safu moja na muuza tairi, mwenye mabati na mwenye nyama choma, na nikaelewa kwamba gari lile lilikosa stika moja. Wote walibandikwa isipokuwa yeye, aliyetoa fedha taslimu.

Njiani kurudi nilimweleza kijana hesabu ya leo. Wale vijana Wakenya tuliowaona 2022, kina McRae Kimathi, waliendesha Fiesta Rally3, gari la mwanafunzi katika mchezo huu. Lilipoingia sokoni bei yake ilikuwa chini kidogo tu ya yuro 100,000, zaidi ya shilingi milioni 10, kabla hujanunua tairi la akiba. Makampuni yakikuona, sawa. Mpaka wakuone, kuna mtu wa nyumbani analipa. Nikamwambia sina hela hizo, na hata ningekuwa nazo, ana dada wawili wanaosoma. Kama anapenda magari kweli, Jumamosi aende kwa mjomba ajifunze gearbox.

Alinyamaza mpaka Lanet. Hapo akasema, "Sawa, lakini nitakuwa nalipwa?"

Nikamwambia hilo wakubaliane na babu yake, tena waandike.

Jioni nilimpigia mama simu nikamsimulia habari za daftari. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Ameandika ngapi?" akauliza.

Nikamtajia.

"Hapo hajaweka zile za sare," akasema. Akanyamaza kidogo. "Mwambie simdai. Lakini asifute."